Chubwi za Fedha

Kambini Utange, Mombasa
20 Mei 1991

Ndugu yangu Mukhtar,

Salamu zangu zikukute u hai, wewe na wote walio chini ya paa lako hapo kisiwani Koyama. Mimi na Bushra hatujambo. Binti yangu huyu amejifunza foleni ya maji kuliko hesabu nilizomfundisha miaka yote darasani Kismayo. Hema letu linavuja upande wa kibla, kwa hiyo mvua ikinyesha tunasali tumelowa. Mshike Mama mikono yake yote miwili kwa niaba yangu. Msalimu mkeo Mwanabibi, Rawda, na wale wadogo watatu, kila mmoja kwa jina lake.

Sasa jambo lenyewe. Nimempata nahodha, Nasrudin, mtu wa Faza, mwenye boti ya mashine. Anachukua watu visiwani kuwaleta huku kwa shilingi elfu mbili za Kenya kwa kichwa. Nikamwambia, "Yule mdogo kabisa ana miaka minne, atapakatwa na mamake." Akanijibu, "Mwalimu, bahari haiulizi umri." Nikamwambia bahari haiulizi hata nauli, anayeuliza ni yeye. Alicheka, lakini hakupunguza. Nyinyi ni saba. Elfu kumi na nne.

Hatuna pesa, tuna fedha ya Mama. Siku niliyoondoka alitugawia: mimi nikachukua sarafu kumi na mbili za lire, wewe ukabaki na lire kumi na nane pamoja na riale arubaini za kidani chake cha arusi. Hizo riale ndizo zitakazokutoeni. Zile pana, zenye bibi mnene wa Kizungu, kila moja inajaza kiganja. Lire za babu Badi, alizolipwa na Wataliana walipoichukua Kismayo kutoka kwa Waingereza, ni nyembamba, za kuchezea watoto, hizo ziache. Tuma riale. Kwa hesabu yangu hazitakosa kutupa elfu kumi na tano.

Miaka ishirini nimewaambia wanafunzi kwamba noti ni ahadi ya serikali kwa raia wake. Juzi nimeuziwa njugu zilizofungwa kwa noti ya serikali ile. Waliotuahidi wamekimbia na magari, sisi wametuachia ahadi. Ndiyo maana nasema fedha ya Mama haina serikali, na kwa hiyo haina wa kuidanganya. Fanya haraka.

Dada yako,
Safiyya


Koyama, 11 Juni 1991

Dada Safiyya,

Nakurudishia salamu, na nyongeza kutoka kwa Mama, ambaye kifua kinambana asubuhi lakini ulimi haujabanwa. Barua yako imekuja na Badi mvuvi, somo wa babu, baada ya siku ishirini. Kazi sina. Mashua niliyoianza Rajabu bado ni mbavu tupu, mwenyewe amekimbilia Malindi na hakuaga.

Watu wa kisiwa cha Chovai wamechukuliwa nyavu na mashine zote. Wenye bunduki wanakuja kwa boti walizonyang'anya Kismayo, wanapekua hata ndani ya unga. Na boti zinazoshuka kusini husimamishwa nao karibu na kisiwa cha Kudhaa. Sasa wewe Mwalimu unaniambia "tuma riale" kama unavyoniambia tuma kitunguu. Riale arubaini zinalia kama kengele hata ukizifunga kwa blanketi. Nitatafuta njia. Nina jambo kichwani, lakini sijalikamilisha.

Mama asema hivi, naandika kama alivyosema, na "mchu" wake badala ya mtu: "Mwambie huyo mwalimu wako, mchu hakuvaa kidani arusini akijua amevaa nauli."

Na zile lire zako kumi na mbili umezifanyaje? Hukuzitaja.

Mukhtar

Shangazi, ni mimi Rawda, nimeinyakua kalamu. Baba anaandika kama anavyopiga misumari: neno moja, halafu anapumzika. Mwambie Bushra kanzu yake ya kijani ninayo na sitamrudishia, imenikaa vizuri kumshinda yeye. Bibi anasema nimekuwa msemaji kama wewe, na hakusema kwa kunisifu. Nikija Mombasa nataka shule, si mume.


Utange, 28 Juni 1991

Ndugu yangu Mukhtar,

Id ilikuwa njema? Sisi tulikula wali wa msaada wenye harufu ya gunia, tukaubariki. Mwambie Rawda shule ipo, na Bushra asema kanzu ile ina kiraka makwapani, ajionee.

Mukhtar, soma barua hii umekaa chini.

Jana nilichukua riale moja niliyoazimwa na jirani, nikaenda Mji wa Kale kuuliza bei kabla zako hazijafika. Sonara wa kwanza aliitupa kwenye mizani akaniambia, "Shilingi sabini." Nikadhani amekosea ulimi. Sabini! Wa pili akasema sitini na tano. Piga hesabu mwenyewe: kidani cha Mama, arubaini nzima, hakifiki elfu tatu. Kidani ambacho watu walikuja kutoka kisiwa cha Ngumi kukitazama! Nilisimama barabarani kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua.

Mtaa wa nyuma nikaingia duka la mzee mmoja, Fakihi, anayeuza vitu vya kale kwa watalii. Na hapo, ndani ya sanduku la kioo, juu ya kitambaa chekundu, nikaona lire. Zile zile. Mfalme na taji lake, nyuma imeandikwa Somalia Italiana, 1925. Kando yake kikaratasi: shilingi 2,000. Nikauliza, "Hizi zote?" Akasema, "Hiyo moja, bibi."

Nilikalia kigoda chake bila kukaribishwa. Nikamwambia, "Mzee, riale ni nzito mara mbili na zaidi. Inakuwaje nzito iwe sabini na nyepesi iwe elfu mbili?"

"Kwa sababu riale unaniuzia fedha," akasema, "na fedha leo haina bei. Wakia moja ni dola nne na ushei huko duniani. Riale hizi zimepigwa na kupigwa tena kwa tarehe ile ile, zimejaa kila pwani. Fedha ikianguka, nazo zinaanguka nayo."

"Na lire?"

"Unakumbuka mwaka wa themanini? Wakia ilikaribia dola hamsini. Wanawake walipanga foleni kwa masonara mpaka barabarani. Kila kilichong'aa kiliingia chunguni. Lire zilikuwa chache tangu mwanzo, na chache hizo zikayeyushwa na nyinginezo. Mkusanyaji wa Ulaya hanunui fedha, bibi. Ananunua uchache. Bei ya fedha ikipanda, mimi huingiwa na hofu."

"Wewe mfanyabiashara, uhofie bei kupanda?"

"Watu huyeyusha," akasema. Akanimiminia kahawa kwa huruma, na mimi huruma hiyo niliichukia.

Anazinunua kwa shilingi elfu moja na mia mbili kila moja, zikiwa hazijaguswa. Unazo kumi na nane. Mukhtar, hizo ni zaidi ya elfu ishirini na moja! Nyote saba mnapanda, na nauli inabaki!

Nilirudi kambini nikitukana kwa sauti. Kuna watu mahali fulani, wamekaa kwenye viti vya ngozi, wanaopandisha na kuteremsha fedha kwa simu, na hawajawahi kuvaa kidani wala kumvisha mtu. Wao ndio waliomvua Mama kidani chake. Wenye bunduki watakuja kuchukua kilichobaki tu.

Basi sikiliza. Riale zifanye utakavyo. Lire usiziguse. Usizisugue kwa ndimu na jivu kama tunavyosugua fedha kabla ya arusi; ule weusi wake ndio wanaoulipia. Usizitoboe, usizitie pete. Zifunge kitambaani moja moja.

Safiyya


Koyama, 30 Juni 1991

Dada Safiyya,

Salamu nyingi. Mama anakohoa kama kawaida. Wadogo wazima. Mwanabibi anakusalimu.

Njia imepatikana. Badi atakukabidhi mishipi mitatu ya kuvulia na chubwi ishirini na sita. Usimpe mtu hizo chubwi na usizitupe. Ndiyo fedha ya Mama.

Unakumbuka kalibu ya udongo ambamo baba alitumiminia chubwi za risasi, ili mshipi uzame? Bado ninayo. Nilikwenda kwa mhunzi anayenifulia misumari ya mashua, tukawasha makaa ya vifuu vya nazi, tukavuvia mpaka mikono ikafa ganzi. Tulianza na lire kumi na saba, maana ni nyembamba na ulisema si kitu. Mfalme alilainika kwanza masikio, halafu akawa maji. Kisha riale, tano tano. Tukamimina, tukazipaka masizi na mafuta ya papa. Ukiiona chubwi moja pamoja na nyingine za risasi hutaijua, labda uwe mvuvi uipime mkononi, maana ni nyepesi kidogo. Wale wa bunduki si wavuvi.

Sasa nyumbani hamna kitu chenye sura ya mtu wala maandishi ya fedha. Wakija, waje.

Usiniulize kwa nini nimefanya haraka. Uza upesi, umlipe Nasrudin.

Mukhtar


Utange, 16 Julai 1991

Mukhtar,

Salamu kwa Mama. Kwako wewe ngoja kwanza.

Umefanya nini? Umefanya nini, wewe mtu? Badi alinimwagia chubwi zako kwenye mkeka huku anatabasamu, akingoja nicheke. Nilipiga ukelele majirani wakaja wakidhani nimeletewa habari ya msiba. Na nilikuwa nimeletewa. Barua yangu na yako zimepishana baharini, siku mbili tu zimetutenganisha, lakini sitaisingizia bahari. Ulikuwa huna hata subira ya wiki moja? Kitu kimekaa miaka sitini na sita, Wataliana wamekuja wakaenda, Waingereza wamerudi wakaenda, serikali imezaliwa na kufa, nacho kipo, mpaka alipotokea fundi Mukhtar na vifuu vyake vya nazi!

Mwaka wa themanini watu waliyeyusha kwa tamaa, bei ilikuwa juu. Wewe umeyeyusha bei ikiwa matopeni. Hata mpumbavu wa sokoni huwa na sababu. Wewe sababu yako ni ipi?

Nikueleze ilivyokuwa kwa sonara. Aliitazama chubwi akasema, "Bibi, samaki wenyewe umewaacha wapi?" Vijana wake wakacheka. Akakwaruza kwa tupa, akadondosha dawa, akanusa. "Ina fedha," akasema, "lakini kiasi gani, mimi sijui, na wewe hujui. Ungeniletea riale, sura yake ndiyo cheti chake, nalipa bila swali. Hii haina cheti. Labda mna shaba, labda mna risasi mlizosahau kwenye kalibu." Alianza kwa elfu moja na mia sita. Nilibishana naye mpaka adhana ya alasiri. Nilimwita mwizi, nilimwita mkoloni mdogo, nikamwambia babu yake alikuja pwani hii na mfuko mtupu. Akaniambia, "Mama, maneno yako ni mazuri lakini hayana uzito," akaonyesha mizani.

Elfu mbili. Hiyo ndiyo fedha yote ya ukoo wetu, Mukhtar. Kidani, lire, babu Badi, arusi ya Mama. Nafasi moja. Mtu mmoja kati ya saba. Chagua wewe, uliyeyusha wewe.

Na tena uliachiwa kumi na nane, ukayeyusha kumi na saba. Moja iko wapi? Na Rawda mbona kimya? Mtoto aliyekuwa akininyang'anya kalamu leo hana hata salamu? Au nawe umemkataza asije kuniambia ukweli?

Safiyya


Koyama, 5 Agosti 1991

Dada Safiyya,

Zimefika zote mbili, ya lire na ya matusi. Nimeisoma ya kwanza mara tatu. Ya pili mara moja imenitosha.

Mama ameacha kutoka nje. Wadogo wazima.

Umeuliza sababu. Nilikuwa nimeapa nisiiandike, lakini umeniita mpumbavu mbele ya Badi, na wewe hukujua, na ni haki ujue.

Siku ya tatu ya Id walikuja wenye bunduki sita. Lire moja Rawda alikuwa ameichukua bila ruhusa, ameishonea kwenye ukanda wa ile kanzu ya kijani, anajipamba kwa Id. Ndiyo hiyo moja unayoitafuta. Mmoja wao akaiona, akaikata kwa kisu, akaigeuzageuza. Akauliza, "Zenzake ziko wapi?" Zenzake zilikuwa kwenye kopo pamoja na riale, chini ya chumvi ya kukaushia samaki, hatua nne kutoka alipokuwa amesimama. Akamwekea Rawda mtutu hapa, chini ya sikio. Akatuuliza mmoja mmoja. Mama hakusema. Mwanabibi aliniangalia mimi.

Na mimi nilikuwa wapi? Usidhani nilikuwa nimejificha. Nilikuwa mlangoni. Nilijua zilipo, nikanyamaza. Nilikuwa nahesabu, dada. Elfu kumi na nne, watu saba. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu: hizi ndizo zitakazokutoeni. Niliwaambia hatuna kitu. Aliuliza tena. Nikasema tena hatuna. Rawda alinisikia mara zote mbili, na yeye mwenyewe alijua kopo liko wapi.

Wakachoka, wakachukua godoro, saa ya ukutani na ile lire, wakaenda.

Asubuhi yake nilizichukua zote nikaenda kwa mhunzi. Sikuwa nafikiria bei. Nilitaka zile nyuso ziniondokee. Hiyo habari ya kuwadanganya wa Kudhaa niliifikiria njiani, nikaiandika kwako kama werevu.

Rawda hajasema neno tangu siku hiyo. Kuumwa haumwi. Anakula ukimpa, anafua, anatembea. Hasemi.

Nafasi ni yake. Mama alitaja jina lake kabla yangu, na Mwanabibi hakungoja aulizwe.

Sasa nikuulize mimi, kwa mara ya pili. Zako kumi na mbili umezifanyaje?

Mukhtar


Utange, 22 Agosti 1991

Mukhtar ndugu yangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Leo sina salamu za kupanga, nipokee hivi hivi.

Niliziuza. Siku ya sita baada ya kufika, kumi na mbili zote, kwa yule yule sonara wa chubwi. Alizipima, akanipa shilingi thelathini na tano kila moja, mia nne na ishirini jumla, na mimi nikatoka dukani nikijiona mjanja kwa kuuza nyepesi na kubakisha nzito, maana niliamini riale za arusi haziuzwi kwa mizani. Hakunidanganya. Aliniuliza, "Kwa uzito?" Nikamwambia mimi mwenyewe, "Kwa uzito."

Sikununua chakula. Chakula kilikuwa cha msaada. Sikununua turubai, na hema lilikuwa likivuja hata wakati huo. Nilinunua redio. Kuukuu, ya betri nne. Nilitaka kujua nani ameshika Kismayo. Nilitaka wakimbizi wenzangu waje hemani kwangu waniulize, "Mwalimu, wamesema nini?" na mimi niwaeleze. Walikuja. Niliwaeleza. Kila jioni nilihutubia kuhusu bei za dunia, huku nimezikalia bei hizo bila kuzijua.

Zile nilizoziona kwa Fakihi ni zangu. Moja nilitambua mkwaruzo wake, ule ulioupiga wewe kwa msumari ulipokuwa na miaka saba ukitaka kuitoboa, Baba akakuchapa. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake nikitazama shilingi elfu kumi na nne na ushei zangu chini ya kioo. Mngekuwa hapa nyote tangu Mei, kabla ya Id. Hilo nimelihesabu, na nitaendelea kulihesabu. Halafu nikarudi kambini nikakuandikia barua ya kukufundisha, na ya pili ya kukutukana.

Mimi ni mtu wa kushindana, unanijua, siku zote nina la kujibu. Nimesoma habari ya Rawda mara nyingi, kisha nikaibeba redio nikatoka.

Redio nimeiuza, mia tatu na themanini. Nilikwenda kwa Fakihi nikamwambia ukweli. Alikuwa na nne zilizobaki, nyingine zimesafiri Ulaya. Akasema, "Mimi nami niliuziwa na sonara, bibi." Lakini alifungua droo akanipa mia na ishirini, sadaka, na mimi niliyekuwa nikiwaita wenye maduka wanyonyaji nilinyoosha mkono nikapokea. Jumla, pamoja na elfu mbili za chubwi, ni elfu mbili na mia tano. Zote nimemkabidhi Nasrudin: elfu mbili za Rawda, mia tano ni malipo ya kwanza ya yule mdogo, apakatwe. Amesema, "Tutaona." Anaondoka wiki hii au ijayo.

Sikuombi unisamehe kwa barua.

Safiyya


Koyama, 14 Septemba 1991

Dada Safiyya,

Barua hii ataichukua Rawda, boti bado inangoja maji yajae na Badi atamfikishia, kwa hiyo ukiisoma ameshafika. Mshukuru Mungu kabla hujaendelea.

Habari ya redio nimemsomea Mama. Akasema, "Mwambie nami ningenunua. Mchu hawezi kukaa ugenini asijue kwao kumekuwaje." Nimeifikiria mpaka leo. Ulikaa kwenye hema linalovuja ukisikiliza jina la Kismayo. Siwezi kukuchukia kwa hilo. Nimejaribu, kwa kweli nimejaribu siku mbili, kwa sababu ingenipunguzia yangu. Haikupungua. Kwa hiyo tuache, wewe beba zako kumi na mbili, mimi nibebe zangu.

Nasrudin alifika jana. Ufuoni palikuwa na watu wa Chovai, wa Ngumi, wengine siwajui, kila mmoja na furushi. Aliposhuka tu akatangaza kuwa nauli imepanda, ni elfu tatu, watu ni wengi na mafuta hayapatikani. Nikamwambia, "Dada yangu amekulipa elfu mbili na mia tano, na ya mdogo imo humo." Akasema, "Fundi, hiyo haitoshi hata mmoja. Leta mia tano nyingine nimchukue msichana. Huyo mdogo mrudishe." Sikuwa na mia tano. Sikuwa na mia. Nilimwonyesha msumeno wangu na randa, akatazama pembeni.

Mwanabibi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akavua kipini chake, pale pale mchangani, mbele ya wanaume wote wale. Hakijatoka puani mwake tangu nilipomuoa, ikabidi akizungushe mpaka damu ikatoka. Akampa Nasrudin. Yule bwana hakuuliza ni cha mwaka gani wala kina picha ya nani. Alikitia kinywani, akakiuma, akasema, "Apande."

Niliingia majini nikambeba Rawda mpaka botini, maana maji yalikuwa ya kifua. Ni mzito kuliko nilivyodhani, amekuwa mwanamke. Nilimwambia nililotaka kumwambia tangu Id. Sitaliandika hapa. Alinishika shingo, na hakuniachia mpaka walipomtoa mikononi mwangu.

Sisi sita tuko. Nimeirudia ile mashua ya mbavu tupu. Mbao za kutosha hazipo, ila mwenye nayo hatarudi, na mimi ni fundi. Usiniulize itakuwa tayari lini.

Mpeleke shule. Usimlazimishe kusema, wala usimpeleke kwa watu wa kumsomea kila siku akachoka. Mkalishe karibu nawe, na wewe uzungumze tu, magazeti, serikali, chochote. Nimemwambia asiwe na haraka, shangazi yake ana maneno ya kuwatosha wote wawili.

Mukhtar